Fangasi Wanapofika Ubongoni: Kazi ya Dawa na Kazi ya Mikono ya Daktari

Neno fangasi huwakumbusha wengi wetu mapunye kichwani mwa mtoto wa shule, mba shingoni, au ngozi inayochunika katikati ya vidole vya miguu. Ni maradhi yanayoudhi kuliko kutisha, na dawa zake hununuliwa dukani kwa fedha kidogo. Kwa sababu hiyo, ndugu anapoelezwa wodini kwamba mgonjwa wake ana fangasi katika ubongo, huipokea habari hiyo kwa mojawapo ya namna mbili: ama huliona jambo dogo litakalokwisha kwa vidonge vilevile anavyovijua, ama huona kwamba mambo yamekwisha na kilichobaki ni kisu au kaburi. Namna zote mbili humpotosha. Fangasi wa ubongo huua, tena huua upesi, lakini hutibika. Na tiba yake ina sehemu mbili zisizoshindana, yaani dawa na kazi ya mikono ya daktari. Somo hili linaeleza kila sehemu hufanya nini, ili mtu anayetakiwa kutoa ridhaa kando ya kitanda cha mgonjwa ajue anaridhia nini na, akikataa, anakataa nini.

Fangasi hao ni akina nani

Anayeongoza kwa kuwaathiri watu wa nchi zetu huitwa kriptokokasi. Huishi katika udongo, katika kinyesi cha njiwa na katika magogo yanayooza. Ndugu yake mmoja hupatikana kwenye miti, ikiwamo mikaratusi. Mtu humvuta kwa pumzi bila kujua, na wengi wetu huenda tumekwisha kumvuta. Mwili wenye kinga imara humbana mapafuni akakaa kimya. Kinga ikishuka, hasa kwa mtu anayeishi na VVU ambaye seli zake za CD4 zimepungua chini ya 100, fangasi huyo hutoka mapafuni, hupita katika damu na kwenda kuweka makao kwenye utando unaofunika ubongo. Ndiyo maana ugonjwa huu huhesabiwa kuwa aina mojawapo ya homa ya uti wa mgongo.

Hata hivyo, haufanani na ile homa ya uti wa mgongo inayosikika ikizuka mabwenini na kumwangusha mtu kwa siku moja. Huu huja taratibu, kwa wiki kadhaa. Kichwa huuma na hakisikii dawa za maumivu. Hufuata kutapika, kuona kitu kimoja kama viwili, masikio kupoteza usikivu, usingizi usio wa kawaida, na mwishoni mgonjwa huanza kusema maneno yasiyoeleweka au kubadilika tabia. Homa inaweza kuwapo au isiwepo. Katika wiki hizo mgonjwa huwa amekwisha kutibiwa malaria mara mbili, amekunywa dawa ya taifodi, na pengine amepelekwa kuombewa. Jambo moja liwatulize wanafamilia: kriptokokasi haambukizi kutoka kwa mgonjwa kwenda kwa anayemuuguza. Hakuna haja ya kumtengea sahani wala kikombe.

Makadirio yaliyofanywa kwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa duniani watu wapatao 152,000 wanaoishi na VVU walipata ugonjwa huu katika mwaka mmoja, na 112,000 walifariki kwa sababu yake, wengi wao wakiwa wa Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Ni karibu kifo kimoja katika kila vifo vitano vinavyotokana na UKIMWI. Mtu akiona hesabu hizo anaweza kufikiri kwamba dawa hazipo. Dawa zipo. Kinachoua ni kuchelewa, kutumia dawa isiyotosha, na kuogopa sindano ya mgongo.

Wapo fangasi wengine, wachache kwa idadi lakini wakali. Aspajilasi ni wa jamii ya ukungu. Baadhi ya wanajamii wake ndio wale wale wanaoacha sumukuvu katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Mara nyingine huanzia katika vyumba vya hewa vilivyo kandokando ya pua, hutafuna mfupa na kupanda kwenye jicho na ubongo. Madaktari wa Sudan wamekuwa wakiieleza sura hiyo ya ugonjwa kwa miongo mingi. Mwingine ni mukomaikosisi, ambao watu waliuita fangasi mweusi wakati wa janga la UVIKO-19. Hawa wawili tutawarudia tutakapofika kwenye upasuaji, kwa kuwa huko ndiko kisu kina kazi kubwa zaidi.

Kipimo cha tone la damu

Kabla ya dawa kuna kipimo, na hapa mtumiaji wa huduma ana nafasi ya kuuliza mapema. Kipimo cha CrAg huchukua tone la damu au maji ya uti wa mgongo, huwekwa kwenye kijiti mithili ya kile cha kupimia malaria, na majibu hutoka kwa takribani dakika kumi. Kinaweza kumgundua fangasi huyo katika damu wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma. Shirika la Afya Duniani limeelekeza kwamba mtu anayeishi na VVU ambaye CD4 zake ziko chini ya 100 apimwe, na inapowezekana hata aliye chini ya 200.

Utafiti mmoja uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka, ukachapishwa mwaka 2015, uliwafuatilia watu wapatao 2,000 walioanza kliniki wakiwa na CD4 chini ya 200. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine walipimwa CrAg na kutembelewa nyumbani kwa wiki chache za mwanzo na wahudumu wa jamii waliofunzwa. Katika kundi la pili vifo vilikuwa pungufu kwa asilimia 28. Hakukuwa na dawa mpya wala mashine kubwa. Kwa hiyo mtu anayeanza au anayerudi kliniki ya tiba na matunzo baada ya kuacha dawa kwa muda mrefu hatakuwa mkorofi akiuliza: CD4 zangu ni ngapi, na je, nimepimwa CrAg?

Dawa tatu na sababu ya kuzichanganya

Dawa zinazotegemewa dhidi ya kriptokokasi ni tatu: amfoterisini B, flusitosini na flukonazoli. Ya kwanza hutolewa kwa dripu, mbili zilizobaki humezwa.

Amfoterisini B hujishikiza kwenye ngozi ya seli ya fangasi na kuitoboa, maji na chumvi za ndani zikavuja, fangasi akafa. Flusitosini huingia ndani ya seli na kuivuruga isiweze kujizalisha. Flukonazoli huzuia fangasi kutengeneza mafuta anayoyahitaji kuijenga ngozi hiyo; kwa maneno mengine humdumaza zaidi kuliko kumuua. Tofauti hii si ya wanakemia peke yao. Mtu anayemeza flukonazoli peke yake kwa ugonjwa wa ubongo ulioiva anamdumaza adui ambaye tayari ni mamilioni, na wengi waliotibiwa hivyo walifariki.

Utafiti uliohusisha Malawi, Zambia, Cameroon na Tanzania, uliotoka mwaka 2018, ulilinganisha njia kadhaa za kuzichanganya dawa hizi. Waliopata amfoterisini B kwa wiki moja pamoja na flusitosini walipoteza maisha kwa kiwango cha asilimia 24 katika wiki kumi, kiwango kilichokuwa cha chini kuliko makundi mengine yote. Mwaka 2022 ulifuata utafiti wa Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Huo ulitumia amfoterisini B iliyofungwa ndani ya vitone vidogo vya mafuta, yaani ya liposomu, mara moja tu, kwa dozi kubwa ya miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, ikifuatiwa na siku 14 za flusitosini na flukonazoli. Matokeo hayakuwa mabaya kuliko yale ya dripu za wiki nzima, na madhara makali yalikuwa machache. Shirika la Afya Duniani likaifanya njia hiyo kuwa ya kwanza kupendekezwa mwaka huohuo.

Hapa inafaa kusema neno kuhusu flusitosini. Iliundwa mwaka 1957 ikitarajiwa kuwa dawa ya saratani. Haikufaa kwa saratani, ikafaa kwa fangasi. Ni ya zamani na haina fumbo lolote, ilhali kwa miaka mingi haikuwa imesajiliwa katika nchi nyingi za Afrika, yaani pale hasa wagonjwa walipo. Dawa isiyoombewa usajili haipiti bandarini, na isiyopita bandarini haifiki wodini. Usajili wa dawa, ambao wengi huuona kuwa ni makaratasi ya ofisini, una uzito huo.

Baada ya wiki mbili za kwanza mgonjwa huwa amepata nafuu, kichwa kimetulia, ameanza kula. Ndipo hatari nyingine inapoanza, kwa kuwa wengi hudhani wamepona. Fangasi huwa wamepunguzwa, hawajakwisha. Kwa kawaida hufuata wiki nane za flukonazoli miligramu 800 kila siku, kisha miligramu 200 kila siku kwa mwaka mmoja au zaidi, hadi CD4 zipande na virusi vifubazwe. Anayekatisha njiani hurudi wodini, na safari hii kumtibu huwa kugumu zaidi.

Tuangalie namba hizo kwa jicho la mnunuzi. Kidonge cha flukonazoli kinachouzwa sana dukani kwa fangasi wa ukeni kina miligramu 150, na humezwa kimoja. Mgonjwa wa ubongo katika wiki mbili za kwanza hupewa miligramu 1,200 kwa siku. Aliyehisi maumivu ya kichwa na kujinunulia kidonge kimoja amejitibu kwa sehemu ya nane tu ya dozi ya siku moja, na amepoteza siku ambazo hana. Kwa upande mwingine, dozi hizo kubwa si za kujipimia nyumbani. Flukonazoli hugongana na warfarini inayozuia damu kuganda, na fenitoini ya kifafa, na glibenklamidi ya kisukari. Rifampisini ya kifua kikuu nayo huipunguza nguvu. Mwanamke mjamzito, au anayetarajia kuwa mjamzito, aseme mapema, kwa kuwa dozi kubwa za kila siku katika miezi mitatu ya mwanzo zimehusishwa na kasoro za kimaumbile kwa mtoto.

Kuhusu ARV, kuna jambo linalowashangaza wengi. Kwa mgonjwa ambaye hajawahi kuanza ARV, madaktari husubiri wiki nne hadi sita baada ya kuanza tiba ya fangasi. Si uzembe. Utafiti wa Uganda na Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2014 ulisimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa walioanzishiwa ARV mapema walifariki kwa asilimia 45 katika wiki 26, na waliosubiri kwa asilimia 30. Kinga inayoamka ghafla hukuta fangasi wengi ubongoni na kuzusha uvimbe. Aliye tayari kwenye ARV asijisimamishe mwenyewe. Uamuzi huo ni wa daktari.

Dripu mbili zisizofanana

Amfoterisini B ipo ya aina mbili kuu: ya kawaida na ya liposomu. Majina yanafanana, chupa zinaweza kufanana, lakini dozi hazifanani hata kidogo. Ile ya miligramu 10 kwa kilo inastahimilika kwa ya liposomu. Ya kawaida haipaswi kuvuka miligramu 1.5 kwa kilo kwa siku, na kuzidisha kumewahi kusimamisha moyo wa mgonjwa. Ndugu aliyetumwa kuinunua nje ya hospitali, jambo ambalo hutokea, anapaswa kurudi na ile ile iliyoandikwa kwenye cheti, neno kwa neno. Akiambiwa kuwa iliyopo ni nyingine lakini ni hiyo hiyo, asiichukue kabla ya kumrudia daktari au mfamasia wa wodi.

Dawa hii huchanganywa kwenye maji ya sukari, kamwe si ya chumvi, kwa kuwa chumvi huifanya igande. Ndugu wa mgonjwa anaweza kuona chupa mbili zikitundikwa, ya maji ya chumvi ikitangulia peke yake na ya dawa ikifuata. Ile ya kwanza ni ya kuzilinda figo. Kutetemeka na homa wakati dripu inaingia ni maudhi yanayojulikana; mwambie muuguzi, usiifunge dripu mwenyewe. Kadiri siku zinavyokwenda dawa hii huweza kuchosha figo, kupunguza potasiamu na kusababisha upungufu wa damu, na flusitosini huweza kugusa uboho unaotengeneza damu. Hivyo damu inayochukuliwa mara kwa mara haichukuliwi kwa ajili ya majaribio, kama baadhi ya watu wanavyonong'ona. Bila vipimo hivyo daktari anaendesha gizani.

Sindano ya mgongo

Sasa tufike mahali ambapo maisha mengi hupotea kwa hofu. Kriptokokasi ana koti zito la utelezi. Koti hilo huziba njia ambazo maji ya ubongo hutumia kurudi kwenye damu, maji yakaendelea kutengenezwa yasipate pa kutokea. Fuvu ni mfupa, halitanuki. Shinikizo linapanda, na hilo ndilo linaloleta maumivu yasiyosikia dawa, upofu, uziwi na hatimaye kifo. Hakuna dawa ya fangasi inayoondoa shinikizo hilo kwa siku moja au mbili. Linaloliondoa ni kuyatoa maji.

Daktari humlaza mgonjwa ubavu, akikunja magoti kuelekea kifuani, hutia ganzi, kisha huingiza sindano nyembamba kiunoni kati ya pingili mbili. Mahali hapo ni chini ya pale uti wenyewe unapoishia; iliyopo ni mishipa ya fahamu inayoelea katika maji, nayo husogea sindano inapopita. Hupima shinikizo kwa mrija ulioalamiwa. Likiwa limefika sentimita 25 za maji au zaidi, huyatoa maji hadi lishuke chini ya 20, au lipungue kwa nusu iwapo lilikuwa juu sana, na hurudia kila siku hadi litulie. Wapo wanaohitaji mara moja, wapo wanaohitaji mara sita.

Mtaani husemwa kuwa sindano ya mgongo huua au hulemaza. Usemi huo una chanzo kinachoeleweka. Wagonjwa hufikishwa wakiwa hoi, hutolewa maji, baadhi hufariki siku hiyo au kesho yake, na macho ya ndugu huiona sindano kuwa ndiyo iliyotangulia kifo. Ukweli uliopimwa unaelekea upande mwingine. Wagonjwa wa Uganda na Afrika Kusini waliofuatiliwa katika uchambuzi wa mwaka 2014 walikuwa na nafasi bora zaidi ya kuvuka siku 11 za mwanzo endapo walirudiwa kutolewa maji, na faida hiyo ilionekana hata kwa wale ambao shinikizo lao la mwanzo halikuwa juu. Nafuu mara nyingi huonekana kitandani hapo hapo: mgonjwa aliyekuwa akigumia huomba uji.

Kuna tahadhari ya kweli, nayo ni vema ndugu aijue. Mgonjwa mwenye dalili za uvimbe ubongoni, mathalani udhaifu wa upande mmoja wa mwili au degedege lililoanza karibuni, huhitaji kwanza picha ya CT ikiwa inapatikana, kwa kuwa kutoa maji chini ya uvimbe mkubwa kunaweza kuuhamisha ubongo vibaya. Ni haki kuuliza: mmeangalia kama kuna uvimbe? Baada ya sindano mgonjwa anaweza kuumwa kichwa kwa siku chache akisimama, au mgongo kumuuma pale ilipoingia. Hayo hupita.

Neno jingine la onyo lihusu deksamethazoni na prednisoloni, dawa ambazo watu huzinunua kiholela kwa maumivu, kwa mafua, hata kwa kunenepa. Utafiti uliofanywa katika nchi za Asia pamoja na Malawi na Uganda, ukachapishwa mwaka 2016, ulijaribu kuongeza deksamethazoni kwa wagonjwa wa kriptokokasi kwa matumaini ya kupunguza uvimbe. Ulisimamishwa kabla ya kumalizika: waliopewa walipata madhara na ulemavu zaidi, na fangasi walipungua polepole zaidi. Anayemmezesha mgonjwa vidonge hivyo nyumbani kabla ya kumleta hospitali anamsaidia fangasi.

Kisu kinapohitajika

Wagonjwa wengi wa kriptokokasi hawafunguliwi fuvu. Upasuaji huingia kwa sababu chache. Ya kwanza ni maji yanapokataa kupungua licha ya sindano za kila siku. Hapo bingwa wa upasuaji wa ubongo huweka mrija mwembamba unaotoka kwenye vyumba vya maji vya ubongo, ukapita chini ya ngozi ya shingo na kifua hadi tumboni, ambako maji hunyonywa na mwili. Kwa nje hauonekani. Mrija huo unaweza kuwekwa hata kabla fangasi hawajakwisha, mradi dawa zimeanza. Unaweza kuziba au kuingiwa na vijidudu miezi kadhaa baadaye, hivyo maumivu ya kichwa yakirejea kwa mwenye mrija, asingoje tarehe yake ya kliniki.

Sababu ya pili ni uvimbe. Fangasi wakikusanyika ndani ya nyama ya ubongo hujenga kivimbe kinachoweza kufananishwa na saratani au kifua kikuu cha ubongo. Vingi husinyaa kwa flukonazoli ya miezi mingi. Kile kikubwa, cha sentimita tatu au zaidi, kilicho mahali panapofikika na kinachoukandamiza ubongo, ndicho hufikiriwa kuondolewa. Nchini, upasuaji wa aina hii hufanyika katika vituo vichache kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), na rufaa huchukua muda. Ni jambo la kuanza kulizungumza mapema, hali ya mgonjwa ikiwa bado inaruhusu safari.

Sababu ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi: kupata jina la fangasi. Daktari hutoboa tundu dogo kwenye fuvu, mgonjwa akiwa amelala kwa nusu kaputi au ganzi, na kuchukua kinyama kidogo kwenda maabara. Kwa mtazamaji inaonekana kama kumuumiza mgonjwa kwa ajili ya karatasi. Lakini vorikonazoli, ambayo ni dawa bora dhidi ya aspajilasi, haimgusi kabisa fangasi wa mukomaikosisi, na flukonazoli haimfai yeyote kati ya hao wawili. Kukosea jina ni kumeza dawa ya gharama kubwa isiyofanya kazi.

Kwa aspajilasi aliyefika ubongoni, uchambuzi wa wagonjwa 81 uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa takribani thuluthi moja tu waliotibiwa kwa vorikonazoli waliishi, na waliofanyiwa pia upasuaji walikuwa na nafasi bora. Mtu makini atasema kwamba huenda waliopasuliwa ndio waliokuwa na nguvu za kuhimili upasuaji, na hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, usaha uliozungukwa na ukuta dawa huufikia kwa shida, na mantiki ya kuuondoa iko wazi.

Mukomaikosisi ni mkali kuliko wote. Huziba mishipa ya damu na kuiacha nyama ikiwa mfu, na dawa inayosafiri kwa damu haiwezi kufika mahali ambapo damu haipiti. India ilishuhudia hilo mwaka 2021: zaidi ya watu 45,000 waliripotiwa kuugua na zaidi ya 4,300 kufariki katika muda mfupi, wengi wao wakiwa wagonjwa wa kisukari waliokuwa wametibiwa UVIKO-19 kwa dawa za jamii ya deksamethazoni. Tiba ni amfoterisini B ya liposomu, kushusha sukari, na kukata nyama iliyokufa puani, kwenye taya na mara nyingine kuondoa jicho ili kuuokoa ubongo. Ni uamuzi mzito usiopaswa kuahirishwa kwa vikao vya ukoo vya siku tatu. Mgonjwa wa kisukari anayevimba uso upande mmoja, akitokwa na uchafu mweusi puani na jicho kuuma, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Fangasi walioingia kwa sindano

Mpaka hapa tumezungumzia fangasi wanaoingia kwa pumzi. Ipo njia nyingine, nayo inaihusu moja kwa moja kazi ya kusimamia dawa. Mwaka 2012 nchini Marekani, watu waliokuwa na maumivu ya mgongo walichomwa karibu na uti sindano ya methiliprednisoloni iliyotengenezwa na kampuni ya New England Compounding Center ya Framingham, Massachusetts. Chupa zilikuwa na ukungu. Hadi Oktoba 2013 waliougua walikuwa 751 katika majimbo 20, na 64 walikuwa wamefariki. Wengi hawakuwa na upungufu wowote wa kinga. Walikuwa wazee na wafanyakazi waliotaka mgongo upoe. Walitibiwa kwa vorikonazoli kwa miezi, na baadhi walipasuliwa kuondoa usaha mahali sindano ilipopita. Aliyewezesha mkasa kugunduliwa ni daktari wa Tennessee, aliyeona fangasi pasipotarajiwa katika maji ya mgongo ya mgonjwa mmoja na kutoa taarifa serikalini badala ya kunyamaza. Toleo lote liliondolewa sokoni, na mwaka 2013 sheria ya nchi hiyo ilibadilishwa.

Taarifa moja ndiyo iliyofungua njia, na mgonjwa naye anaweza kuitoa. Dawa yoyote ya sindano iwe na jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya kwisha muda. Iliyopoteza lebo, iliyo na vumbi au nyuzi ndani ya kimiminika, au iliyofunguliwa kabla ya kukufikia, irudishwe. Nunua kwenye famasi iliyosajiliwa na udai stakabadhi. Duka la dawa muhimu halina kibali cha kuuza amfoterisini B, hivyo anayekuuzia hapo anakuuzia kitu usichojua kilikotoka. Mgonjwa akipata madhara asiyoyatarajia, mweleze mtoa huduma na umwombe ajaze fomu ya taarifa ya madhara, au mjulishe ofisi ya kanda ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Andika jina la dawa, namba ya toleo, siku iliyotolewa na kilichotokea baada ya saa ngapi. Chupa tupu usiitupe. Iweke kwenye mfuko safi pamoja na boksi lake hadi utakapoambiwa kuwa haihitajiki tena.